Kuvuka kwenda Idjwi, na jile moja lililopungua



Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa darasa la tano, yule anayewafundisha watoto wenu kuchora Ziwa Kivu ubaoni kwa chaki ya buluu. Kila mwaka ninalichora ziwa hili, na katikati yake ninaweka kisiwa cha Idjwi, kirefu kama mhogo. Lakini miaka minane ilikuwa imepita sijakanyaga kisiwa hicho, kisiwa alikozaliwa mama yangu. Likizo ya Noeli nilivuka, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Ninawaandikia safari hiyo kwa sababu wengi wetu tunasafiri ziwani au tunawatuma watoto wetu, na kwa sababu kuna jambo tulilifanya kwenye maji ambalo si wote walitusifu.

Nilikwenda kumchukua mama mkubwa. Huyu ni dada wa marehemu mama yangu, na tangu mama alipofariki yeye ndiye mama niliyebaki naye. Macho yake yalianza kufifia. Kwanza aliacha kutambua sura za watu njiani, halafu akaacha kuchambua maharage, kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine kamwe. Muuguzi wa kituo cha afya kule kisiwani alimwambia ni mtoto wa jicho, kwamba unatolewa kwa operesheni ndogo, na kwamba afike mjini. Mama mkubwa alikataa. Tuliongea kwa simu mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Mwanangu, ziwa na mimi tulimalizana."

Mnaelewa. Mtoto wake wa tatu, kaka yangu tuliyekua pamoja, alizama usiku mmoja akiwa na magunia ya kahawa. Tangu siku ile mama mkubwa hajaingia kwenye mtumbwi wala boti. Nilijua simu haitatosha. Mama haombwi kwa simu. Nikatafuta nafasi kwa daktari wa macho hapa mjini, akanipa siku ya Ijumaa, nami nikasema nitakwenda mwenyewe.

Asubuhi ya Muhanzi

Tulifika bichi ya Muhanzi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mwenye kusafiri ziwani hachelewi kulala. Asubuhi ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mchana upepo huamka, na wakati wa mvua dhoruba inaweza kuteremka milimani ghafla, hata kabla hujamaliza kumfunika mtoto.

Ukitaka kujua kisiwa kinaishije, simama Muhanzi nusu saa uangalie mizigo. Boti zinazotoka Idjwi zinashusha mananasi, yale matamu ambayo sisi tunayanunua bila kuuliza yametoka wapi. Zinashusha ndizi, mihogo, maharage, mbuzi waliofungwa miguu, kuku, na sambaza waliokaushwa. Boti zinazokwenda Idjwi zinapakia chumvi, sabuni, sukari, mafuta, mabati, misumari, vikwembe, madaftari, dawa na bidoni za petroli. Karibu kila kitu ambacho hakiotwi na udongo wa Idjwi kimepanda boti. Na karibu kila mzigo una mama nyuma yake, anayehesabu vifurushi kwa kidole huku mtoto amelala mgongoni.

Tulichagua boti ya mbao yenye mota moja kubwa na hema la plastiki juu. Kijana aliyeandika majina ya abiria aliandika letu pia, na akatupa jile, lile koti la kuelea lenye rangi ya chungwa. La binti yangu lilikuwa kubwa, likamfika magotini. Nililifunga kwa kikwembe kiunoni. Nikaona ni hivyo hivyo, tuendelee. Nitarudi kwenye jile hilo.

Mkono wenye vidole vitano

Boti ikatoka polepole, na Bukavu ikaanza kujionyesha. Sisi tunaoishi ndani ya mji huu tunaona matope, mapando ya Kadutu na msongamano wa magari. Lakini kutoka majini unaona kitu kingine. Mji umeingia ziwani kwa rasi tano, kama mkono uliotumbukizwa kwenye maji ili unawe. Nilimwonyesha binti yangu: hii ni Nguba, ile ni Muhumba, ile ndefu ndiyo La Botte. Na kule nyuma ndiko mto Ruzizi unakotokea, unaopeleka maji ya Kivu chini hadi Ziwa Tanganyika.

"Kwa hiyo maji haya yanasafiri kama sisi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba zamani sana yalikuwa yakisafiri kuelekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia na ziwa likajaa na kutafuta mlango mwingine huku kwetu. Ziwa letu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu panafika karibu mita 480. Chini kabisa kuna gesi nyingi zilizoyeyuka majini, na Wanyarwanda wameanza kuivuta ile inayowaka ili kutengeneza umeme. Lakini hakuna mamba, wala viboko. Hata sambaza, chakula chetu cha kila siku, si wenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka. "Mwalimu, unataka kusema bibi yangu hakula sambaza akiwa mtoto?" Nikamwambia ndivyo. Akacheka sana. "Basi ndiyo maana hakuwahi kunifundisha kuwapika."

Upande wa kulia tuliona Nkombo, kisiwa cha Rwanda. Kwa jicho huwezi kuona mpaka. Kuna mitumbwi huku, mitumbwi kule, na wavuvi wa usiku walikuwa wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa nguzo ndefu, taa zimezimwa, wamechoka. Wanavua usiku kwa taa kwa sababu sambaza hufuata mwanga.

Mazungumzo ya wamama majini

Kwenye boti hakuna mgeni. Baada ya saa moja mlikuwa mmegawana karanga, mmejua nani anakwenda kwenye matanga na nani anakwenda kudai deni. Na kama kawaida, mazungumzo yakafika kwenye maji yenyewe.

Mama mmoja wa Kalehe alikumbuka mwezi wa nne mwaka 2019, boti ilipozama karibu na kwao na watu zaidi ya mia moja wakapotea. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe kuwapa watu pole, na ikaagizwa kwamba kila msafiri awe na jile. Mwingine alitaja tarehe 3 mwezi wa kumi 2024. Vita vilikuwa vimefunga barabara kati ya Minova na Goma, watu wote wakaingia ziwani, na boti moja iliyotoka Minova ikapinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Makumi ya watu walikufa wakiwa wanaona mahali walipokuwa wanakwenda.

Lakini mama mzee aliyekuwa amekaa juu ya gunia la chumvi alisema, "Msiliseme ziwa vibaya tu." Akatukumbusha mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipotapika moto na watu wa Goma wakaambiwa wahame. Wengi waliokolewa na ziwa hili hili. Boti zilijaa watoto, magodoro na sufuria, zikaja hadi Bukavu, na baadhi yenu mliwapokea wageni hao nyumbani. "Ziwa ni barabara," akasema. "Barabara haiui. Anayeendesha ndiye anaua."

Binti yangu alisikiliza yote. Nilitaka kumziba masikio, halafu nikaacha. Mtoto anayevuka maji ana haki ya kujua ni maji.

Kisiwa

Baada ya masaa matatu na kitu tulifika upande wa kusini wa kisiwa. Hakuna gati kubwa. Boti inaegesha pua yake kwenye mchanga, ubao unateremshwa, na vijana wanakubeba mgongoni ukitaka. Nilisalimu kwa Mashi, nikajibiwa kwa Kihavu, na tukaelewana kama watoto wa mama wadogo na wakubwa.

Idjwi si kisiwa kidogo. Kina urefu wa karibu kilomita 40. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika kinazidiwa na Ukerewe tu, kile cha Tanzania katika Ziwa Victoria. Ni teritware kamili ya Kivu ya Kusini yenye usultani mbili, Ntambuka upande wa kusini na Rubenga upande wa kaskazini, na makao ya teritware yako Bugarula, kaskazini. Watu ni zaidi ya laki mbili, wengi wao Bahavu, pamoja na ndugu zetu Bambuti ambao zamani waliishi msituni na leo wengi wao hawana shamba lao wenyewe. Historia imepita hapa pia: mwaka 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa hiki kutoka kwa Wabelgiji, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudisha. Wazee wa kisiwa walikuwa wakilima maharage wakati wazungu wakigombania kilima chao.

Hakuna lami. Tulipanda mota ya mtu, mimi nyuma, binti katikati, na njia nyekundu ikapanda na kushuka kati ya migomba, mihogo, mananasi na kahawa. Kila kipande cha udongo kimelimwa, hadi kwenye miteremko ambako mbuzi angeogopa. Usiku taa ni za paneli za jua, hapa moja, pale moja. Na kuna utulivu ambao sisi wa mjini tumeusahau. Kwa miaka mingi ya vita vya Kivu, Idjwi kilijulikana kama mahali pa amani, na mwaka 1994 kilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Maji yanayowatenga ndiyo yaliyowalinda. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayomfanya mama mwenye uchungu wa uzazi wa shida asubiri boti wakati wa upepo. Kila kisiwa kina pande hizo mbili.

Kahawa ya usiku

Mama mkubwa alitambua sauti yangu kabla sijafika mlangoni. Alimpapasa binti yangu usoni, puani, masikioni, akasema, "Huyu ana masikio ya mama yako." Nililia kidogo. Halafu tulikula bugali, lengalenga na sambaza, na hakuna aliyetaja ziwa usiku ule.

Kesho yake tulikaa nyuma ya nyumba, chini ya mikahawa. Nilimwomba anieleze tena habari ya kaka, kwa sababu binti yangu hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

Kwa miaka mingi mkulima wa kahawa wa Idjwi hakuwa na mnunuzi wa maana kisiwani. Ng'ambo, Rwanda, bei ilikuwa nzuri zaidi. Basi wanaume walijaza magunia kwenye mitumbwi, wakasubiri giza ili wasikamatwe, wakapiga makasia usiku. Mtumbwi mwembamba, magunia mazito, bila taa, bila jile, na upepo wa ghafla. Wengi hawakurudi. Kuna vilima kule ambako ukiuliza wajane wa kahawa wananyoosha mikono kadhaa. Kaka yangu alikwenda ili alipe karo ya wadogo zake. Mtumbwi ulionekana asubuhi. Yeye hakuonekana kabisa.

Siku hizi kuna vyama vya ushirika vilivyojenga vituo vya kuoshea kahawa kisiwani kwenyewe, mkulima anapima na kuuza mchana, na wanawake wamo ndani ya vyama hivyo wakiwemo wajane. "Wangejenga mapema," mama mkubwa akasema. Hakusema zaidi.

Baada ya muda akaniuliza, "Huyo daktari wako, atanitoa kweli utando huu?" Nikamwambia wengi wanaona tena, lakini daktari mwenyewe ndiye atakayesema akishaangalia. Sikutaka kumdanganya ili apande boti.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini boti nitaipima mimi."

Boti tuliyoshuka

Siku ya Alhamisi tulifika ufukweni saa moja asubuhi. Ilikuwa siku ya soko. Boti ilikuwa imejaa: mananasi hadi kwenye hema, magunia ya mihogo, mbuzi, watu juu ya magunia. Nililipa nauli ya watu watatu. Tukakaa. Kijana akaja na majile, akanipa mawili.

"Na la mtoto?"

"Yamekwisha, mama. Mtoto utamshika. Si unamshika hata nyumbani?"

Watu wakacheka, nami nikatabasamu kama wote. Nawaambia ukweli, nilikuwa tayari kukubali. Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya daktari. Jumatatu shule zinafunguliwa, na sikutaka kuanza muhula kwa kuchelewa. Nauli ilikuwa imeshalipwa. Na zaidi ya yote niliogopa kwamba mama mkubwa akishuka hatapanda tena.

Yeye hakuwa ameona majile. Alikuwa ameinama pembeni, mkono wake umeteremka nje ya boti. Mumewe alikuwa mvuvi, na alimfundisha kipimo: kutoka ukingo wa boti hadi maji kuwe na mkono mzima, toka ncha za vidole hadi kiwiko, ndipo utulie. Mama mkubwa aliteremsha mkono. Vidole viligusa maji, kisha kiganja, na kifundo cha mkono kilikuwa bado hakijavuka ukingo.

Akanyanyuka. "Mwanangu, tushuke."

Nikamwambia taratibu, "Mama, daktari ni kesho."

"Macho yangu yamengoja miaka miwili. Huyu mtoto hana jile, na boti hii imekaa majini kama beseni la nguo. Nimeshampa ziwa mtoto mmoja kwa sababu tulikuwa na haraka ya pesa. Tushuke."

Tulishuka. Tulishuka mbele ya watu wote, mzee anayeshikwa mkono, mtoto na mwalimu wa mjini. Nilimwomba kapiteni nauli yangu, akasema nauli haitoki. Mwanaume mmoja akapaza sauti kwamba wanawake wakisoma sana wanakuwa waoga. Nilisikia uso wangu unawaka. Lakini mama mmoja aliyekuwa na mapacha alituangalia, akaangalia maji, naye akashuka. Kisha wakashuka wengine wawili. Kapiteni alipoona watu wanaendelea kusimama, akaamuru magunia kadhaa ya mihogo yateremshwe, na boti ikaondoka.

Sasa nawaambia jambo ambalo ningeweza kulificha ili hadithi ipendeze zaidi. Boti ile ilifika salama. Ilifika Muhanzi mchana, mananasi yakauzwa, na aliyetucheka alilala kwake. Sisi tulilala kisiwani, tulipoteza nauli, tulipoteza Ijumaa ya daktari, na ilibidi nimpigie mkubwa wangu wa shule nimweleze kwamba huenda nikachelewa.

Je, tulikosea? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu langu ni hili. Tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kati ya Ukerewe na Ukara, kule Tanzania, karibu kabisa na kufika. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile ya soko kilibeba zaidi sana, na watu zaidi ya mia mbili walikufa. Si kwamba kilikuwa hakijawahi kujazwa. Kilikuwa kimejazwa siku nyingine na kikafika, na kila kilipofika watu walisema, mnaona, hakuna shida. Kufika salama si ushahidi kwamba boti ilikuwa salama. Mwanafunzi anayepata jibu kwa kubahatisha hajajua hesabu.

Kuvuka kwa mama mkubwa

Jumamosi tulipata boti nyingine. Jile lilikuwepo kwa kila mtu, na la mtoto lilikuwa la mtoto, lenye mkanda unaopita kati ya miguu. Mama mkubwa aliteremsha mkono wake. Kiwiko kilifika ukingoni ndipo vidole vikalowa. Akaketi.

Tulipofika katikati, mahali ambapo kisiwa na nchi kavu viko mbali sawasawa, alinyamaza. Alimshika binti yangu mkono na hakuuachia mpaka tulipoona Bukavu. Binti yangu alimweleza yote anayoyaona: mlima, mtumbwi, ndege mweupe, nyumba zilizopangana kilimani. Yeye ndiye alikuwa macho. Mama mkubwa aliuliza mara moja tu, "Maji yana rangi gani leo?" Mtoto akasema, "Kama chaki ya mama."

Daktari alitupa siku nyingine, majuma mawili baadaye. Jicho la kulia limeshafanyiwa kazi. Siku alipofunguliwa bandeji alimwangalia binti yangu muda mrefu, akasema, "Kumbe masikio si ya mama yako. Ni ya kaka yako." Jicho la pili linasubiri. Kwa sasa yuko kwangu, na ameshaninyang'anya kazi ya kuchambua maharage.

Tuzungumze kwenye vikundi

Dada zangu, si wote tuna nguvu ya kununua boti, wala ya kuwapa amri makapiteni. Katika nchi za visiwa za mbali kama Uskoti, kuna vivuko vya saa maalumu vinavyobeba hata magari, na upepo ukizidi safari inafutwa, watu wanangoja. Sisi hatujafika huko. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

Safiri asubuhi. Kabla ya kukaa, teremsha mkono upime ukingo, hata kama wanakucheka. Hakikisha jina lako na la kila mtoto limeandikwa, kwa sababu boti isiyo na orodha ikizama hakuna anayejua ni nani wa kutafutwa. Jile la mtu mzima si la mtoto. Akianguka majini anateleza na kutoka, na kikwembe changu kiunoni mwake siku ile ya kwanza kilikuwa kosa langu mimi mwalimu. Mtoto mchanga mfungue mgongoni umpakate, usije ukaingia naye majini akiwa amefungwa. Usikae juu ya magunia; mizigo ikihama, unahama nayo.

Na nina pendekezo moja. Kwenye likelemba na AVEC zetu tunanunua viti vya harusi, sufuria kubwa na mahema ya matanga, tunakodisha, na tunafaidika. Kwa nini kikundi kisinunue majile sita, mawili ya watu wazima na manne ya watoto ya ukubwa tofauti, mama mwenye safari akaazima na kurudisha? Jile la kikundi halimalizwi na kijana wa boti. Kikundi chetu kitalizungumza Jumapili hii baada ya michango, na nitawaandikia tulichoamua na bei tuliyoikuta sokoni.

Mama mkubwa anawasalimu. Anasema mkifika Idjwi mwambieni mmetoka kwake, mtapewa nanasi. Lakini mpime boti kwanza.